Naomba ushauri: watu wawili, jina moja, daftari moja la ubatizo

Wakuu, naomba msaada wa kutenganisha watoto wawili wenye jina moja, baba tofauti, waliobatizwa parokia moja wakipishana miaka 3. Nataka kujua yupi kati yao ndiye aliyefunga ndoa baadaye, lakini cheti cha ndoa kinataja umri tu, bila wazazi, na umri wa kutajwa kwa mdomo hukosea kirahisi hata miaka 5, kwa hiyo siutegemei. Daftari la vifo halionyeshi kwamba mmoja alifariki utotoni. Nalinganisha wasimamizi wa ubatizo na mashahidi wa ndoa, maana mara nyingi huwa ndugu. Je, nipime DNA? Baadhi ya binamu wa tatu (watu wanaoshiriki babu wa babu) hawaonyeshi kulingana kabisa kwenye kipimo hicho, ingawa ni damu moja. Au hati za mirathi zitangulie?