Chuo kimeniweka foleni miaka 3, sasa kinasema masomo yangu yamekwisha muda

Ndugu zangu mnaosomea uuguzi hapa Marekani, naandika nikiwa na hasira, na sitaificha.

Nilianza masomo ya utangulizi ya shahada ya uuguzi ya miaka 2 katika chuo cha jamii mwezi Agosti 2019, kwa somo la kwanza la anatomia na fiziolojia. Kwa kuwa nilikuwa nikifanya kazi za usiku kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee, nilichukua somo moja au mawili kila muhula, hadi mwaka 2022 nilipomaliza yote, mikrobiolojia na kemia zikiwemo, nikafanya TEAS, mtihani wa kuombea nafasi ya uuguzi, na kuingizwa kwenye orodha ya kusubiri. Niliambiwa nisubiri nikasubiri. Mwaka 2025 jina langu lilipofikiwa, nilipokea barua kwamba nafasi ipo, lakini somo la 2019 halihesabiki tena, kwa sababu masomo ya sayansi hayapaswi kuzidi miaka 5 siku programu inapoanza. Alama zangu za TEAS nazo, ambazo chuo huzitambua kwa miaka 2 tu, zimekwisha.

Miaka 3 kati ya ile 6 tangu 2019 ilikuwa yao, si yangu. Walijua urefu wa foleni yao siku waliponipokea, na tarehe ya somo langu ilikuwa mbele yao. Hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeifanya haikufanywa na mtu yeyote katika ofisi ile. Sasa natakiwa kurudia somo la krediti 4, pamoja na maabara na ada yake, na madarasa ya muhula huu yamekwisha kujaa. Nikichelewa, narudi mkiani.

Sipingi uchache wa nafasi. Mkufunzi wa uuguzi kwa kawaida hutakiwa kuwa na shahada ya uzamili, na mwenye shahada hiyo mara nyingi hulipwa zaidi hospitalini kuliko darasani; tena majimbo mengi huweka kikomo cha wanafunzi ambao mkufunzi mmoja anaweza kuwasimamia wodini. Hayo nayaelewa. Wala sipingi kwamba maarifa hufifia. Lakini kama wana shaka nayo, wanipe mtihani wa anatomia kesho asubuhi, kwa maana miaka yote hiyo nimekuwa nikiwageuza wagonjwa kitandani na kukagua vidonda vyao vya mgandamizo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba shahada hii ya miaka 2, iliyobuniwa na mwalimu wa uuguzi Mildred Montag na kuanza kujaribiwa vyuoni mwaka 1952, ilikusudiwa kuwatoa wauguzi kwa muda mfupi. Mhitimu wake hufanya mtihani uleule wa leseni, NCLEX-RN, anaofanya mwenye shahada ya miaka 4, na ndiyo maana sisi wenye watoto na kodi ya nyumba tunaikimbilia.

Nimemwandikia mkuu wa idara nikiomba muda uhesabiwe hadi siku mtu alipoingizwa kwenye orodha, si siku anapoitwa. Nimejibiwa kwamba kanuni haina msamaha kwa yeyote. Aliyewahi kukata rufaa ya namna hii akasikilizwa, naomba anieleze aliipeleka kwa nani na aliambatisha nini, kwa sababu nimebakiwa na siku 12 za kujibu barua yao.