Uchaguzi wa meya wa Chicago, duru ya pili Aprili 4, 2023: ni haki tubanwe kwa watu wawili tu?

Mleta mada: Wakuu, matokeo ya Februari 28 mmeyaona. Wagombea tisa, hakuna aliyefika nusu. Vallas kama asilimia 33, Johnson karibu 22, na meya Lightfoot akiwa madarakani kaishia 17. Tangu Jane Byrne 1983 hadi huyu Lightfoot, hakuna meya wa hapa aliyechaguliwa na wananchi akatetea kiti akashindwa. Sasa sisi tuliompa kura García, mgombea mwingine aliyetoka, tunaambiwa tuchague mmoja kati ya wawili ambao hatukuwataka. Ni haki hiyo?

Dereva wa Uptown: Ni haki kabisa. Bila duru ya pili Vallas angeshakuwa meya kwa theluthi ya kura. Na Lightfoot msimlilie. Duru ya pili ya 2019 alibeba kata zote 50, zote! Miaka minne tu watu wamemchoka, kwa sababu usalama umemshinda. Mimi naendesha gari usiku, naujua mji huu. Kura yangu kwa Vallas. Huyo mwingine kaletwa na chama cha walimu, na walimu wa hapa wanachojua ni kugoma.

Mama Mwalimu: Dereva, tunachojua ni kugoma? Oktoba 2019 tuligoma siku 11 za masomo tukidai kila shule iwe na muuguzi na mtu wa ustawi wa jamii. Mtoto akibanwa na pumu darasani, unataka nimtibu mimi kwa chaki? Na huyo Vallas wako aliziongoza shule hizi hizi kuanzia 1995 hadi 2001. Muulize yeye kwanza.

Dereva wa Uptown: Mama, wanangu walikaa nyumbani siku zote hizo na mimi sikutoka kazini. Nani alinifidia?

Mama Mwalimu: Na chama cha polisi kinachompigia debe Vallas, hicho si chama? Au chama ni kibaya kikiwa na walimu tu?

Mnairobi: Nyinyi wawili mmeacha jambo kubwa. 1983 Harold Washington alipita kwenye mchujo wa chama cha Democrat kwa sababu Byrne na mgombea mwenzake Daley waligawana kura za Wazungu. Akawa meya wa kwanza Mweusi. 1995 sheria ikabadilishwa, ikaletwa hii ya nusu ya kura na duru ya pili. Wapo wanaosema hadi leo kwamba ilitungwa ili la Washington lisijirudie. Sasa mtu anakuja hapa kusema "ni haki kabisa"! Ila siwashangai Watanzania, nyinyi hata meya hamumchagui, mnachaguliwa na madiwani.

Mdau wa Temeke: Wewe Mnairobi, heshima iko wapi? Gavana wenu Sonko mlimchagua wenyewe 2017, Desemba 2020 Seneti ikamwondoa. Kuchagua moja kwa moja kuliwafaa nini?

Mnairobi: Tulimweka kwa kura, akatolewa kwa sheria, mchana kweupe. Wewe Jiji lako la Dar lilivunjwa 2021, Ilala ikavishwa jina la Jiji. Ulipiga kura gani hapo?

Mdau wa Temeke: Gavana wenu anapita hata kwa asilimia 30, halafu unakuja kutufundisha!

Mleta mada: Jamani, mada ni Chicago. Hakuna aliyenijibu kuhusu kura za García.

Mama Mwalimu: García mwenyewe ameshatangaza kumuunga mkono Johnson. Unasubiri nini tena?

Mleta mada: Tangazo lake si kura yangu. Nilimpa García kwa sababu zangu, na hizo sababu sizioni kwa hawa wawili.

Dereva wa Uptown: Basi baki nyumbani, ila mji ukikushinda usije kulalamika hapa.

Mama Mwalimu: Usimwambie mtu abaki nyumbani! Duru ya kwanza zaidi ya nusu ya waliojiandikisha hawakutokea. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata Vallas.

Mdau wa Temeke: Mnairobi, sijamalizana na wewe. Meya wetu wa Dar Isaya Mwita aliwekwa na madiwani 2016, Januari 2020 madiwani hao hao wakamng'oa. Sisi wa mtaani hatukuulizwa kuingia kwake wala kutoka kwake. Kwa hiyo nasema wazi: meya wa Dar apigiwe kura na wananchi, na asipovuka nusu turudi kituoni kama hao wa Chicago. Sasa niambie, gavana wenu mbona hamumwekei hiyo nusu, na rais mnamwekea?

Mnairobi: Hapo sasa umeuliza swali. Naandika, nipe dakika.