Naomba maelekezo: kishi ya chakula cha jioni, ganda lisibaki bichi chini

JikoLaJioni
Habari zenu wapendwa. Nataka kupika kishi, ile pai ya wazi ya mayai na maziwa yenye asili ya Ufaransa, iwe chakula cha jioni cha watu wanne. Nina mayai, maziwa, siagi, unga wa ngano, chizi kidogo, kitunguu na fungu la spinachi. Krimu sina. Chombo cha kuokea ni cha duara, upana sentimita 23.

Kinachonitia wasiwasi ni ganda. Mara nyingi nikila kishi nakuta juu pamependeza, chini unga bado mbichi. Maelekezo niliyosoma yanapingana: huku wanasema ganda liokwe kwanza peke yake, kule wanasema mimina kila kitu kwa pamoja. Nishike lipi? Na maziwa bila krimu yataganda kweli? Naombeni mnielekeze taratibu, ndiyo mara yangu ya kwanza.

UngaNaSiagi
Karibu sana. Oka ganda kwanza, hapo usiyumbe. Ukimwaga mayai na maziwa juu ya ganda bichi, unga wa chini unalowa kabla moto haujaufikia, na ukilowa umelowa.

Chukua unga gramu 200, siagi ya baridi gramu 100 na chumvi kidogo. Kata siagi vipande vidogo, fikicha na unga kwa ncha za vidole mpaka upate chengachenga. Nyunyiza maji ya baridi kijiko kimoja kimoja cha mezani; mara nyingi vitatu hutosha. Ukiona vinashikana, acha hapo hapo. Huu si unga wa chapati, usiukande. Ukiukanda sana ganda linakuwa gumu, na likiingia kwenye oveni linasinyaa na kuporomoka pembeni. Lifunike, liweke kwenye friji nusu saa.

Kisha lisukume, litandaze kwenye chombo hadi lipande kingo, litobotoboe kwa uma na ulirudishe kwenye friji robo saa. Tandika karatasi ya kuokea juu yake, jaza maharage makavu ili uzito wake uzuie ganda lisifure. Oka kwa nyuzi 190 za Selsiasi dakika 15. Toa karatasi na maharage, oka tena dakika 7 au 8 mpaka chini pakauke na paanze kugeuka rangi. Watu wengi huiruka hatua hii ya pili, na ndiyo inayoondoa ule ubichi unaoulalamikia. Mwisho paka yai lililopigwa, rudisha dakika 2. Linaziba vile vitundu vya uma.

Maharage hayo hayafai tena kupikwa. Yahifadhi kwenye kopo, yatakusaidia siku nyingine.

Mama Pili
Dada, usihangaike na krimu. Maziwa yataganda, kwa sababu kinachogandisha ni yai. Kwa chombo chako tumia mayai 3 na maziwa mililita 300, yasiyoondolewa mafuta. Ukitaka ulaini zaidi ongeza kiini kimoja. Piga kwa uma tu, ichanganyike bila kutoa povu jingi, maana povu linaacha matundu.

Ukishamimina, shusha moto uwe nyuzi 160 au 165, dakika 35 hadi 40. Mayai hayataki moto mkali. Yakizidiwa yanakakamaa na kutoa maji, na maji hayo yanashukia kwenye ganda lako ulilolihangaikia. Itikise kidogo: kingo ziwe zimeshika, katikati patetemeke. Ikifika hapo itoe hata kama moyo unakuambia bado, itaendelea kuiva kwa joto lake yenyewe. Usiikate mpaka zipite dakika 15 au 20.

Mpenda_Mboga
Wote mmeisahau spinachi, na ina maji kuliko mnavyodhani. Ipike kwenye sufuria mpaka inywee, iache ipoe, kisha ikamue kwa mikono miwili kwa nguvu zako zote. Ikate baada ya kuikamua. Kitunguu nacho kikaange pole pole mpaka kilainike, kisiingie kibichi. Siku ukitumia uyoga au nyanya, kanuni ni hiyo hiyo.

Chizi gramu 100 inatosha. Tandaza nusu chini kabisa, halafu mboga, halafu mimina, nusu nyingine juu. Chumvi weka kwa kuonja, chizi tayari inayo.

Bw. Sufuria
Mimi nina maoni tofauti. Mtu ameomba kitu rahisi na mmempa kazi ya mchana mzima! Aache ganda. Apake chombo siagi vizuri, aweke mboga na chizi, amimine mayai na maziwa kwa vipimo vya Mama Pili na aoke vivyo hivyo. Atakula ndani ya saa moja.

UngaNaSiagi
Bw. Sufuria, hicho ni chakula kizuri na hata mimi hukipika siku za haraka. Ila yeye ameuliza habari ya ganda, na kwangu raha ya kishi ni kule kukutana kwa ganda kavu na yai laini. Kazi yenyewe ni fupi, muda mwingi ni wa kusubiri friji.

JikoLaJioni
Asanteni mno, nimewaelewa wote. Nitaoka na ganda. Swali la mwisho: natoka kazini jioni, naweza kutanguliza kazi jana yake? Na ikibaki?

Mama Pili
Ganda lioke jana yake, likipoa lifunike vizuri, halihitaji friji kwa usiku mmoja kama hujalipaka yai. Hatua ya kupaka yai ifanye siku yenyewe. Spinachi na kitunguu pia viandae mapema uviweke kwenye friji. Jioni utabaki na kupiga mayai, kumimina na kuoka.

Ikibaki, isikae mezani zaidi ya saa 2, ina mayai na maziwa. Kwenye friji inakaa vizuri siku 3. Kuipasha, tumia oveni nyuzi 160 kwa robo saa. Maikrowevu itaipasha haraka, lakini ganda litalegea lote.