Naomba ushauri: nimjibuje kaka kuhusu mateso ya wafungwa wa vita?

Wakuu naombeni ushauri, mimi na kaka yangu siku hizi hata salamu ni za shida kisa Guantanamo, lile gereza la Marekani kule Cuba wanakofungwa washukiwa wa ugaidi. Yeye anasema gaidi akikamatwa abanwe mpaka aseme, bomu halisubiri wakili. Mi nikamwambia Khalid Sheikh Mohammed, anayedaiwa kupanga mashambulizi ya Septemba 11 Marekani, alimwagiwa maji na majasusi wa Marekani (CIA) mara 183 mwezi Machi 2003, mtu kafungwa kwenye ubao, kitambaa usoni, anahisi anazama kabisa, sasa kama njia inafanya kazi mbona irudiwe hivyo? Hata McCain, seneta wa Marekani aliyeteswa mwenyewe Vietnam, aliipinga njia hiyo, na hilo ndo linaniuma zaidi. Kaka ananijibu Mikataba ya Geneva ya 1949, ile inayolinda wafungwa wa vita, haiwahusu magaidi, hapo nakwama. Mnaojua sheria, nimwambie nini bila kugombana tena?