Hip hop ikipigwa na okestra, mpangaji wa noti ni mtunzi mwenza au ni fundi wa kulipwa posho?

Ndugu wachangiaji, naomba tujadili jambo ambalo hapa Mbeya limezua maneno tangu wimbo mmoja wa hip hop, uliorekodiwa na mchanaji kijana pamoja na kikundi cha tarumbeta na kwaya ya kanisa, uanze kusikika redioni na kwenye haisi za Uyole. Wapo wanaousifu, wapo wanaosema hip hop imevishwa suti ya kuazima, na wapo wazee wanaohoji tarumbeta za Pasaka na za mazishi zimefikaje huko. Mimi ndiye niliyeandika noti za wimbo huo, kwa hiyo msinihesabu kuwa mwamuzi. Ni mmoja wa wadai.

Swali langu ni hili: watu wanaogeuza biti ya kompyuta kuwa muziki wa ala 22 na sauti za kwaya ni watunzi wenza, wanaostahili kutajwa na kupata sehemu ya mapato kila wimbo unapotumika, au ni mafundi walioitwa, wakalipwa posho ya siku na kwenda zao?

Ili tusibishane hewani, nieleze kazi yenyewe. Prodyuza alileta kipande cha mapigo 16 ambacho, kwa mwendo wa mapigo 90 kwa dakika, hakifiki hata sekunde 11, kisha kinajirudia hadi mwisho wa wimbo. Kompyuta haichoki kurudia, lakini mpiga tromboni ana midomo na mapafu, na ukimwambia apige sauti ileile dakika nne bila kupumzika, dakika ya pili utaanza kusikia mateso yake na si muziki. Nikalazimika kuwagawa wapigaji makundi mawili yanayopokezana, kundi moja likimalizia pumzi wakati jingine limeshaingia, na nikaipa tuba njia yake yenyewe, inayonyamaza pale mchanaji anapoangusha kina.

Kwaya yetu inasoma solfa (do, re, mi), wapiga tarumbeta wanasoma noti za mistari, na tarumbeta yenyewe huandikiwa sauti moja nzima juu ya ile inayosikika, kwa hiyo wimbo mmoja niliuandika mara tatu. Kisha tulifanya mazoezi mwezi wa Julai, saa za jioni, na anayeijua Mbeya ya Julai anajua ninachosema: shaba ikipoa, sauti inashuka, ilhali biti ya kompyuta haijui baridi. Jioni ya kwanza tulisikika kama vikundi viwili vinavyogombana. Mwishowe tulirekodi saa nane mchana, baada ya kila mmoja kuipumulia ala yake mpaka ikapata moto.

Jambo ninalolishikilia zaidi, hata hivyo, ni beti la tatu. Hapo niliondoa ngoma zote, nikaacha tromboni tatu na sauti za besi za kwaya, zinakwenda polepole chini ya maneno. Mchanaji aliposikia nafasi ile alikaa kimya kidogo, akaomba karatasi, akafuta mistari aliyokuja nayo na kuandika mingine, mifupi, yenye vituo virefu. Mistari hiyo ndiyo watu wanaiimba sasa mitaani. Mimi sikuandika neno lake hata moja, lakini nasema maneno hayo yasingezaliwa bila ukimya ule, na ukimya ule niliuandika mimi.

Wimbo ulipotoka, watunzi waliotajwa ni wawili, mchanaji na prodyuza. Sisi wengine tuliwekwa kwenye shukrani.

Wanaodhani haya ni madai ya kijijini wakumbuke kisa cha kundi la Verve la Uingereza. Wimbo wao "Bitter Sweet Symphony" wa mwaka 1997 ulijengwa juu ya kipande cha rekodi ya okestra iliyokuwa imeupiga wimbo wa Rolling Stones. Mgogoro ulipokwisha, haki ya utunzi ilikwenda kwa Mick Jagger na Keith Richards, na Richard Ashcroft wa Verve, aliyeandika maneno, akarudishiwa haki hiyo mwaka 2019 tu. Ajabu ni kwamba vinanda vile vinavyotambulika duniani kote vilipangwa na mtu mwingine kabisa, David Whitaker, na katika mvutano wote huo jina lake halikuwamo miongoni mwa watunzi. Naomba maoni yenu.

Mchanaji mwingine, Kihesa, Iringa

Ndugu mleta mada, nimesoma kwa heshima na ninapingana nawe. Hip hop ilianza Bronx mwaka 1973 kwa sababu vijana hawakuwa na okestra. DJ Kool Herc alichukua santuri mbili na kurefusha kile kipande cha ngoma ambacho watu walikuwa wanakingojea ili wacheze. Kule kujirudia unakokuona kuwa mateso ndiko sanaa yenyewe ilipo. Msikilizaji hutulia kwenye mzunguko ili akili yake yote iende kwenye maneno. Ukileta ala 22, unamwambia asikilize mambo 22.

Mwaka 2014 mchanaji wa Marekani, Nas, aliimba albamu yake ya "Illmatic" pamoja na National Symphony Orchestra katika ukumbi wa Kennedy Center, Washington. Lilikuwa jambo zuri, silikatai. Lakini albamu ile ilikwisha kusimama miaka 20 kwa miguu yake, na okestra ndiyo iliyoifuata. Hapa kwetu nyanda za juu kusini tunataka kuanza na okestra, ili wakubwa waliotuita wahuni watupigie makofi. Mtu aliyejulikana nchi nzima kwa kuchana alichaguliwa kuwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010 na tena mwaka 2015, na sikumbuki kwamba Sugu alihitaji tuba ili asikilizwe.

Kuhusu malipo, fundi cherehani akinishonea koti zuri, nikasimama kwa kujiamini na kuhutubia vizuri, je, hotuba ni yake? Na kuna jambo ambalo ninyi wenye noti hamlitazami. Mimi ni mchanaji nisiye na mfuko. Kama kila anayepuliza anakuwa mwenye wimbo, sitaita mtu; nitabaki na kompyuta yangu, na vijana wa tarumbeta hawatapata hata hiyo posho.

Mpiga tromboni mstaafu, Tukuyu

Vijana wangu, mnagombea ng'ombe wa mtu. Ala hizo zilinunuliwa kwa sadaka, na aliyezipiga alifundishwa bure na mzee aliyefundishwa bure. Wamisionari wa Moravian na wa Berlin walifika huku Rungwe mwaka 1891, na tangu matarumbeta yaingie katika makanisa yetu sijasikia mwalimu aliyemdai mwanafunzi wake ada. Sasa mwanafunzi huyo anataka sehemu ya mapato iende mfukoni mwake. Je, pampu ya tarumbeta ikikwama, nani anaipeleka kwa fundi?

Sina ugomvi na hip hop. Mchangiaji wa Iringa anaongea kana kwamba okestra ni kitu cha wazungu na wakubwa. Sisi tulipokuwa vijana, okestra ilikuwa bendi za dansi kama Maquis na Makassy, magitaa na saksafoni, na tulizicheza kwa viatu vya kuazima. Kule Unguja nako, kikundi cha Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kinapiga fidla, na hakuna aliyesema taarabu imevaa suti. Ninachokataa ni kikundi cha kanisa kwenda studio bila baraza la wazee kuyasoma maneno ya wimbo kwanza. Nimeyasoma baadaye. Beti la kwanza lina tusi moja ambalo mjukuu wangu alidhani silielewi.

Mwalimu wa kwaya, Njombe

Naona mambo mawili yamechanganywa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi kwa hakimiliki, na wapigaji na waimbaji wanalindwa kwa hakishiriki, kwa sababu ya utendaji wao katika rekodi. Mpangilio wa muziki nao unatambuliwa kuwa kazi yenye ulinzi wake, bila kuipunguzia haki kazi ya asili. Kwa hiyo hofu ya kaka wa Iringa kwamba kila anayepuliza atakuwa mtunzi haina msingi, na dai la mleta mada kwamba yeye ni mtunzi sawa na mwenye maneno nalo linahitaji kuthibitishwa. Namuuliza swali moja tu: kabla ya kurekodi, mliandikiana nini?

Mleta mada

Mwalimu, hatukuandikiana kitu. Nilikuwa na furaha ya kusikia noti zangu zikipigwa, na nilidhani kudai karatasi mbele ya kijana ambaye hata nauli ya kwenda studio alichangiwa kungekuwa ukatili. Kosa hilo ni langu na silitupi kwa mtu.

Babu wa Tukuyu, shikamoo. Kuhusu tusi, nilikuwa nimeshughulika na tuba hata sikulisikia, na naona aibu. Kuhusu ala, nimekubali: sehemu ya wapigaji iende kwa mtunza hazina wa kikundi kwa ajili ya matengenezo, wala isigawanywe mtu mmoja mmoja. Wapigaji wenyewe nilipowauliza, wengi walisema hivyohivyo, isipokuwa vijana wawili, nao nawaelewa, kwa kuwa waliacha kibarua siku ile.

Ila kaka wa Kihesa, mfano wako wa koti sitaupokea. Fundi cherehani hubaki dukani hotuba inapoandikwa. Mimi nilikuwepo mistari ilipofutwa, na ilifutwa kwa sababu ya nilichokuwa nimefanya. Kama ningeandika tu noti za kuirudia biti ya prodyuza kwa ala, ningeipokea posho yangu na kunyamaza, kwa kuwa hiyo kweli ni kazi ya fundi, na kazi za noti nyingi ni za namna hiyo. Sidai kila mpangaji awe mtunzi. Nadai beti la tatu.

Na hili la kutaka makofi ya wakubwa, itazame okestra ya Wakimbangu, waumini wa kanisa la Kimbangu, wa Kinshasa, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda. Walianza na fidla chache ambazo wanafunzi walizishika kwa zamu, na nyuzi zilipokatika walijitengenezea nyingine kwa waya walioupata. Watu hao walikuwa na njaa ya sauti kubwa, basi. Njaa hiyo niliiona machoni pa mchanaji wetu, ambaye, nikumbushe, ndiye aliyekuja kanisani kutuomba.

Juma lililopita alinipigia simu akitaka tufanye wimbo wa pili. Nimempelekea ukurasa mmoja: majina matatu katika nafasi ya mtunzi pale tu ambapo muziki mpya umeandikwa, fungu moja la kikundi kwa ajili ya ala, na maneno kusomwa na wazee kabla ya mazoezi. Amesema atamwonyesha prodyuza. Biti ninayo tayari, na ni nzuri kuliko ile ya kwanza, lakini sijaiandikia noti hata moja.