Maji yameshatoka ndani, fundi anataka apige rangi wiki hii hii. Nimruhusu?

Baba_Wawili

Habari zenu wakuu, naomba msaada maana kichwa hakifanyi kazi kabisa. Maji yaliingia ndani usiku wa kuamkia juzi, yakafika magotini, yakakaa humo mchana kutwa, usiku ndo yakaanza kushuka. Leo sakafu inaonekana lakini ina tope la kama vidole viwili hivi, zito, linanuka, na ukutani kuna mstari wa uchafu umezunguka nyumba nzima umenyooka utadhani mtu amepima kwa pima maji. Familia nimeipeleka kwa shemeji, hapa niko mwenyewe na ndoo na chepe.

Sasa asubuhi kapita fundi anasema ukuta ni wa tofali za saruji, siku nne tano utakuwa umekauka, yeye anapiga skimu na rangi mikono miwili harufu inaisha tunarudi. Mama watoto ananipigia kila saa lini tunarudi, na mimi kwakweli natamani nimwambie Jumamosi. Nimruhusu fundi? Friji ilielea ikalala ubavu, nikiikausha juani naweza kuiwasha? Na kinachoniuma kuliko vyote ni begi la makaratasi, hati, vyeti vya watoto, picha za ndoa ya wazazi wangu, vyote vimeloa vimeshikana vimekuwa tofali moja. Nimevianika juu ya bati.

Waya_Tatu

Pole sana mkuu. Kabla hujaendelea na chepe nijibu kwanza, meni swichi umeizima? Na uliizima ukiwa umesimama pakavu? Kama meni iko sehemu ambayo lazima ukanyage maji au tope bichi kuifikia, usiiguse, ita watu wa umeme wakukatie kutoka nje. Usiseme mtaa mzima hauna umeme, unaweza kurudi muda wowote na wewe umeshika ukuta uliolowa.

Mi ni fundi umeme, nakuambia nilichokiona kwa macho yangu. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba iliyoingia maji wiki mbili nyuma, mwenye nyumba ananiambia soketi zote kavu zimepigwa jua, nikafungua ya kwanza, skrubu ya pili inatoka tu maji ya tope yakanimwagikia mkononi mpaka kwenye kiwiko. Wiki mbili! Kule nyuma kwenye boksi na ndani ya bomba za waya maji hayana pa kwenda. Kwahiyo kila soketi iliyozama ifunguliwe na mimi nashauri ibadilishwe, ni kitu kidogo. Breka zilizozama hizo hata usijadili, zitoe, breka iliyoingia tope inaweza kugoma kukata siku unayoihitaji.

Friji achana nayo. Najua inauma. Mota yenyewe imefungwa inaweza hata kuwaka, lakini maji machafu yakishapenya kati ya ganda la nje na la ndani huwezi kufika kuyasafisha, utakuwa unaweka chakula ndani ya harufu ya chemba. Na mtungi wa gesi kama ulizama badilisha regyuleta, usiisafishe ukairudishia.

Yalinikuta_Mara2

Baba Wawili pole, mi yamenikuta mara mbili, na mara ya kwanza nilifanya hicho hicho anachokwambia fundi wako, ndo maana nimeamua niandike kirefu.

Huyo fundi mwambie asubiri. Sio siku nne. Ukuta wa tofali uliolala ndani ya maji unakauka kwa wiki, ukiwa mnene na hewa yenyewe ina unyevu ni miezi. Mara ya kwanza nilipiga rangi siku ya tisa, ukuta ukigusa ni mkavu kabisa, hata baridi hauna. Baada ya kama wiki tatu nikaanza kuona malengelenge chini karibu na sakafu, ukibonyeza moja linapasuka linatoa maji, afu ukaja unga mweupe kama chumvi, na kwa kweli ni chumvi, maji yakitoka ndani ya tofali yanakuja nayo yanaiacha juu. Rangi yote ikabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua. Nikalipa fundi mara mbili, kukwangua na kupiga upya.

Na usidanganywe na ule mstari. Maji hayaishii pale, ukuta unanyonya kama utambi, unaweza kukuta unyevu umepanda juu ya mstari kipimo cha mkono mzima. Ukiwa na kuta za jipsam ndo kabisa, hizo hazikaushwi, zinakatwa juu ya mstari kama sentimita 30 na kutupwa pamoja na chochote kilichoko nyuma yake.

Cha kufanya leo ni tope. Litoe likiwa bichi!! Likikauka utaligonga na tindo. Anza chumba cha mwisho ukija mlangoni, na usilisukumie kwenye bomba la choo wala shimo la bafuni maana litaziba na hapo utakuwa na tatizo la pili. Tope likiisha piga maji safi kutoka juu ya mstari kushuka chini. Afu rangi ya zamani, hasa kama ni ile ya mafuta inayong'aa, ikwangue eneo lote lililolowa, hiyo rangi ni kama umeuvalisha ukuta koti la mvua, unyevu hautoki. Vuta makabati yote mbali na ukuta. Kama sakafu ina zulia au kapeti la plastiki ling'oe hata kama juu linaonekana zima, chini yake ni bwawa.

Magodoro, mito, makochi ya sponji, toa nje usiangalie nyuma. Mi nililiokoa kochi moja, nikaliosha nikalianika siku sita, tulilikalia mwezi mzima kila mgeni anauliza kuna panya amekufa wapi. Vitu vya mbao za kubandika navyo vimeshavimba, havirudi. Mbao halisi inapona lakini ikauke taratibu kivulini, ukiweka juani inapinda na kupasuka. Droo zikigoma usizivute kwa nguvu, bandua ubao wa nyuma wa kabati uzisukume kwa mbele.

Kabla ya kutupa chochote piga picha, kila chumba, ule mstari, kila kitu. Kama una bima utaulizwa, kama umepanga mwenye nyumba atakuuliza, na mwezi ujao utakuwa umeshasahau nusu ya ulivyokuwa navyo.

Napita_Tu

Huyo fundi mwambie aandike kwenye karatasi kwamba rangi ikibanduka anarudia bure, uone kama Jumamosi itabaki kuwa Jumamosi

Baba_Wawili

😂😂 Asanteni wakuu, nimecheka mara ya kwanza tangu juzi. Meni imezimwa, jirani ndo aliizima kabla maji hayajafika. Mkuu Yalinikuta sasa nitajuaje umekauka kama kugusa hakusaidii? Na kuna mtu hapa ananiambia niwashe jiko la mkaa kila chumba nifunge madirisha joto litafukuza unyevu kwa siku mbili. Na mwingine kasema niite gari la kunyonya shimo la choo leo leo.

Nesi_wa_Zamu

Jiko la mkaa ndani umefunga madirisha HAPANA. Hapana kabisa. Ile hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, unasikia kichwa kinauma unasema ni uchovu, unajinyoosha kidogo na ndo hivyo. Jenereta nayo ni hivyo hivyo, ikae nje mbali na dirisha.

Na kaka yangu umesema uko na ndoo na chepe, miguuni umevaa nini? Maji ya mafuriko yamepita kwenye vyoo vya watu wote. Vaa buti na glovu, kidonda chochote kifunike, na ukichomwa msumari au kukatwa na bati nenda hospitali ukaulize kuhusu sindano ya pepopunda, usingoje kivimbe. Wiki mbili tatu zijazo ukipata homa ya ghafla, misuli ya miguu inauma hasa mashavu ya miguu, macho mekundu, waambie wanaokutibu kwamba ulikuwa unatoa tope, maana inaweza kuwa homa ya mgunda, hiyo inatoka kwenye mkojo wa panya na inaingia hata kwenye mchubuko mdogo. Ukinyamaza utapimwa malaria tu urudishwe nyumbani.

Kusafisha: sabuni kwanza, blichi baadaye. Watu wanamwaga blichi juu ya tope, haifanyi kitu pale, nguvu yake inaishia kwenye uchafu. Osha mpaka paonekane safi, afu kikombe kimoja kwenye lita 4 za maji inatosha kwa sakafu na vitu vigumu, madirisha wazi. Na usiichanganye na dawa ya choo wala kitu chochote chenye amonia, mnapata gesi inayochoma mapafu, ukisikia macho na koo vinawasha toka nje. Chupa ya mtoto ya kunyonyea, ubao wa kukatia, dawa zilizoloa, tupa. Maji ya kisima na ya tanki la chini msinywe hadi yasafishwe, kwa sasa chemsha mpaka yatokote vizuri dakika moja. Watoto waache huko huko kwa shemeji.

Yalinikuta_Mara2

Nesi kamaliza. Mimi naongeza kuhusu kupima. Chukua kipande cha nailoni angavu, kama nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani chini kabisa, kingo zote nne uzibe na selotepu pana kusiwe na upenyo. Iache siku nzima na usiku wake. Ukikuta ukungu wa maji au matone upande wa ndani, au ukuta pale umekuwa mweusi zaidi, bado. Pima kila chumba na usipime sehemu moja tu, ukuta unaopigwa na jua utakudanganya.

Shimo la choo usilinyonye leo. Ardhi yote imejaa maji, tanki likibaki tupu maji ya nje yanaweza kulisukuma likapanda au kuta zake zikaingia ndani. Subiri maji ya ardhini yashuke, mpaka hapo tumieni choo kwa kubana matumizi.

Waya_Tatu

Ukipata umeme wa uhakika (sio wa kwenye hizo soketi!!) chukua feni uiweke dirishani ITAZAME NJE, itoe hewa yenye unyevu, na dirisha la upande wa pili liwe wazi. Wengi wanailekeza ukutani ndani ya chumba kilichofungwa, unazungusha unyevu ule ule.

Fungua_Madirisha

mi nasema madirisha wazi masaa 24 hakuna feni hakuna nini, upepo wa Mungu unatosha

Yalinikuta_Mara2

Inategemea bana. Kukiwa na jua na upepo ndio. Ila mvua ikinyesha au usiku wenye ukungu hewa ya nje ina maji kuliko ya ndani, hapo unaualika unyevu urudi. Funga, asubuhi fungua.

Karatasi_na_Kalamu

Jamani mnaongea kuta na mtu ana vyeti juu ya bati! Baba Wawili vitoe juani SASA HIVI. Nimefanya kazi ya kutunza nyaraka miaka mingi, jua linakunja karatasi na kufifisha wino, na mkiziacha zimeshikana hivyo kuvu huanza ndani ya siku moja mbili tu, wewe uko siku ya tatu.

Usijaribu kuzibandua zikiwa zimeng'ang'ana, zitachanika. Yale mafungu usiyoweza kuyashughulikia leo, yafunge kwenye mifuko ya nailoni uyapeleke kwenye friza ya shemeji. Ndio, friza. Yakiganda kuvu inasimama, halafu unatoa fungu moja moja ukiwa na nafasi. Zenye tope zioshe kwa kuzichovya kwenye beseni la maji safi ya baridi bila kusugua, ila ambazo zimeandikwa kwa wino wa peni unaochuja usizichovye. Kausha zikiwa zimelala, ndani, penye hewa, chini yake karatasi nyeupe isiyo na maandishi, unaibadilisha ikilowa. Usipige pasi.

Picha za wazazi wako ndo za kwanza kuliko hata hati, kwasababu hati na cheti vingi unaweza kuomba nakala. Picha zilizoshikana zikikauka hivyo ndo basi tena, uso wa mmoja unabaki mgongoni mwa mwingine. Zilaze kwenye maji safi ya baridi mpaka ziachiane zenyewe, usizidishe siku mbili, afu zilaze zitazame juu au zitundike kwa vibanio pembeni, usiguse usoni na kidole.

Baba_Wawili

Nimezitoa. Picha ziko kwenye beseni, ya kwanza imeachia sasa hivi, mama anaonekana wote, baba upande mmoja wa bega umefifia lakini uso upo. Makaratasi yako njiani kwenda kwa shemeji, mke wake ameuliza mara tatu kama nimesema friza kweli.

Baba_Wawili

Wakuu narudi kuleta mrejesho, leo ni wiki ya tano. Soketi zote chini zimebadilishwa, na kweli mbili zilitoka na maji. Nilikwangua rangi mwenyewe hadi kifuani. Jana nimebandua nailoni, sebuleni kavu kabisa mara ya pili mfululizo, chumbani kwetu kavu, chumba cha watoto ambacho hakipati jua bado matone yamejipanga kama jasho. Nimempigia fundi aje na rangi ya sebule na chumba kimoja, kaniuliza cha watoto je, nikamwambia nitampigia. Watoto watalala sebuleni.