Border Collie wa miezi 10: tunaanzaje mchezo wa kuchunga kondoo?

Tabu_wa_Kaskazini
Wakuu habari zenu. Nipo kaskazini mwa Uingereza, nina Border Collie jike wa miezi 10. Kulala chini na kuja akiitwa anajua, ila akiona kondoo ng'ambo ya uzio anashusha kichwa, ananyemelea, na hapo haambiliki. Nataka tuingie kwenye mashindano ya mbwa wa kondoo. Umri unaruhusu? Vifaa gani vinahitajika? Na amri ni lazima ziwe za Kiingereza? Nyumbani namsemesha Kiswahili.

Mswagaji
Umri si shida, mradi ana mbio za kuwapita kondoo. Asiyeweza kuwazunguka huishia kuwafukuza kwa nyuma, na tabia hiyo kuing'oa ni kazi.

Usimjaribu kwenye shamba la watu. Mbwa anayehangaisha kondoo anaweza kupigwa risasi, na katika mazingira fulani sheria ya huko inamkinga aliyepiga. Tafuta mwalimu mwenye kondoo waliozoea mbwa: wanne au watano, wakubwa, wasio na mimba wala wana. Kondoo mmoja peke yake hupagawa na kuparamia uzio. Jike mwenye mwana hageuki nyuma, anapiga mguu chini na kuja kichwa mbele, na mbwa mchanga akigongwa siku ya kwanza anaweza kuukataa mchezo.

Uwanja uwe wa duara, kama mita 20 kwa upana. Kona ndiyo adui: kondoo wakijibana konani mbwa hana pa kupita nyuma yao, basi anaingia katikati na kung'ata. Kamba iwe nyepesi, mita 5 hadi 10, isiyo na kitanzi mwishoni maana hunasa. Fimbo ndefu ni ya kurefusha mkono wako tu, si ya kumchapia.

Sasa somo lenyewe. Fikiria uso wa saa (nasema tarakimu zilizochorwa, si saa zetu za Kiswahili). Kondoo wako katikati, wewe uko kwenye 6, mbwa kwenye 12. Ukisogea kwenye 7, yeye aende kwenye 1. Mbwa mwenye kipaji hufanya hivyo bila kufundishwa, kwa sababu silika yake ni kuwaleta kwako. Akishatulia kwenye 12, rudi kinyumenyume polepole, awalete. Kumsimamisha mfundishie hapohapo kwenye 12, kwa kuwa pale anahisi kondoo hawana pa kukimbilia. Ukijaribu kumlaza akiwa ubavuni, kondoo wanachomoka, na yeye hajalala ng'o.

Dakika 5 hadi 10, pumziko, kisha mara moja tena. Inatosha.

MluziMmoja
Kuhusu lugha: mbwa hajali, anasikia sauti. Lakini epuka "kulia" na "kushoto". Kwanza zote zinaanza na "ku", na mbwa aliye mita 200 akiwa mbioni anaamua kwa silabi ya kwanza. Pili, mbwa akiwa upande wa pili wa kundi anakutazama, kulia kwako ni kushoto kwake. Ndiyo maana wachungaji wa huko hutumia mwelekeo wa mshale wa saa: "come bye" ni kufuata mshale, "away" ni kinyume chake, popote mbwa alipo.

Ukitaka Kiswahili, "lala", "taratibu" na "basi" (acha kazi, rudi) zinafaa sana. Ila kama mwalimu atamshika mbwa wako mara kwa mara, za Kiingereza zitawapunguzia usumbufu. Mluzi uje baadaye, amri za mdomo zikishakaa.

Tabu_wa_Kaskazini
Asanteni sana wakuu. Je, akirukia na kunyofoa sufu, nimkaripie?

Mswagaji
Angalia kwanza yuko umbali gani. Mara nyingi ananyofoa kwa sababu amewakaribia mno, kondoo wametawanyika, naye amepaniki. Ukipiga kelele unaongeza moto tu. Ingia kati yake na kondoo, elekeza fimbo begani mwake mpaka duara lake litanuke. Ukiielekeza usoni utamgeuza au kumsimamisha, hatatanuka.

Geti_na_Kamba
Kwenye mashindano kung'ata vile ni kutolewa uwanjani. Mchezo huu una rekodi tangu 1873 huko Bala, Wales, na chama cha kimataifa cha ISDS ni cha 1906. Alama zao kwa kila mwamuzi ni 100: kuwazunguka 20, kuwaamsha (kuanza kuwasogeza) 10, kuwaleta 20, kuwaswaga mbali nawe 30, kutenga baadhi yao kundini 10, kuingiza zizini 10. Hizo 30 ndizo zinazowaumiza wengi, kwa sababu kuswaga mbali ni kinyume cha silika tuliyoisema hapo juu. Usiguse somo hilo kabla hajaweza kuleta kundi kwa utulivu.

Zizini, geti lina kamba ya futi 6. Ukishaishika huiachii mpaka kondoo waingie. Wanaoanza hulikimbilia geti wakati kondoo bado wanatazama pembeni, na kundi linazunguka nyuma ya zizi. Simama, mlaze mbwa, waache kondoo wenyewe waone mlango.

Daktari_wa_Zizi
Naongeza la afya. Usimlishe nyama mbichi wala viungo vya ndani vya kondoo. Tegu wa Echinococcus hupita humo, na mbwa humwambukiza mtu. Turkana wanaujua vizuri ugonjwa huo. Muulize daktari wa mifugo ratiba ya praziquantel (dawa ya tegu). Pia uliza kama kondoo wamepewa ivermectin (dawa ya minyoo) karibuni, maana hutoka kwenye kinyesi, na mbwa mwenye kasoro ya jeni ya MDR1 akikila anaweza kudhurika vibaya. Kwa Border Collie kasoro hiyo ni nadra, lakini kwa Australian Shepherd na Collie wa manyoya marefu ni jambo la kawaida.